Nyumba za Mawe za Lamu na Stara ya Mwanamke

Sisi tuliokulia Takaba tumezoea nyumba ihamayo: fito zilizopindwa, mikeka juu yake, na siku ya safari mama huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Mwanamke ndiye mjenzi, na nyumba ni yake. Kwa macho hayo tuliingia Lamu, baada ya safari ndefu kupitia Garissa hadi Mokowe, kisha boti.

Mji hupendeza tangu baharini. Ngome iliyokamilika yapata mwaka 1821, na kutumika kuwa gereza hadi 1984, yatazama uwanja wa Mkunguni; upo Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, na vilima vya mchanga vya Shela. Hayo mgeni huyamaliza kwa siku mbili. Sisi tulikawia zaidi milangoni.

Mgeni hukaribishwa dakani, penye baraza za mawe. Ukivuka mlango wa nakshi, njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, jicho la mpita njia lisipenye. Sehemu za ndani tuliziona katika nyumba iliyofanywa makumbusho. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake hufuata boriti ya mkoko, ambayo haizidi mita 3 hivi. Baada ya misana huja ndani, chumba cha mwenye nyumba, chenye ukuta wa zidaka za chokaa. Nyuma yake nyumba ya kati, mahali pa uzazi na pa kukoshea maiti. Juu ya vichochoro yako mawikio yaungayo nyumba mbili, ili mama na binti watembeleane pasi na kushuka njiani.

Binti wa nyumba hizo alipoolewa, wazazi wake ndio waliompa nyumba, pengine ghorofa juu ya yao, na mume akahamia kwake. Tulitabasamu, tukikumbuka mikeka ya mama zetu.

Tangu 2001 mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, lakini orodha haimlishi mwenye nyumba. Mauti yakifika, nyumba moja huwa ya warithi wengi. Mafungu hugawanyika, mawe hayagawanyiki, na mnunuzi wa mbali huja na fedha taslimu. Mirathi hatuilaumu, hasha! Walakini ipo wakfu, awekayo mtu angali hai na mzima. Ile ya kuwanyima mabinti haki yao hatuipendi.

Bibi mmoja alizungumza nasi toka nyuma ya pazia, sisi tukiwa dakani na mjukuu wake. Nyumba ni yake na dada zake wanne. Wawili wataka kuuza.

"Sheikh, fungu langu peke yangu laweza kuwekwa wakfu?"

"Laweza, mama."

"Basi niandikie."

Mjukuu akaleta karatasi na kalamu, nasi tukaandika hadi adhana ya alasiri.