Si Kila Shida Hukomaza

Kwenye njia inayopanda kutoka Banda hadi Chuo Kikuu cha Kyambogo, mashariki mwa Kampala, biashara ya rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, haidai zaidi ya sigiri, kikaango bapa, unga, mayai na kabichi iliyokatwa nyembamba. Ukiitazama juujuu ni biashara dhaifu: haina bima wala mlango wa kufunga, na chuo kikifungwa wateja hutoweka. Lakini mayai yakipanda bei, chapati ileile hukatwakatwa, ikamiminiwa maharage, ikauzwa kikomando. Wanafunzi wakienda likizo, sigiri huhamia kwenye steji ya teksi ya Banda au Kireka. Kila likizo huleta hasara ndogo, na hasara hiyo humwachia muuzaji maarifa: nani hununua usiku, nani hukopa asilipe, kona ipi haina mshindani. Hosteli ya ghorofa nne iliyojengwa kwa mkopo wa benki ni kinyume chake. Hesabu zake huweza kutulia miaka mingi kuliko za muuza chapati, ila ina wateja wa aina moja, na deni lake halijui likizo.

Nassim Nicholas Taleb, aliyetoka kwenye biashara ya masoko ya fedha akawa mwandishi, alichapisha mwaka 2012 kitabu kiitwacho Antifragile. Anadai vipo vitu ambavyo havivumilii vurugu tu, bali hunufaika nayo. Mwili unamuunga mkono: mifupa hukaza ikibebeshwa uzito, na wanaanga wanaokaa angani miezi kadhaa hurudi ile ya nyonga na miguu ikiwa imepungua. Lakini mfupa huohuo ukigongwa na gari huvunjika, na hakuna anayeita ajali hiyo mazoezi. Hapo ndipo wahubiri wengi wa ujasiri wanapopotea. Kinachoamua kama mtu atatoka kwenye misukosuko akiwa na nguvu zaidi si moyo wake peke yake. Ni ukubwa wa pigo, na kama ana njia nyingine ya kupitia.

Uganda ilipata kipimo kikali cha jambo hili. Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020, na shule hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2022, muda ambao hakuna nchi nyingine iliyoufikia wakati wa korona. Bodaboda zilikatazwa kubeba abiria hadi mwishoni mwa Julai 2020, lakini mizigo iliruhusiwa, kwa hiyo mwenye pikipiki alibaki na upenyo: mboga na vyakula vilihitaji mtu wa kuvifikisha majumbani. Mwalimu wa shule binafsi hakuwa nao. Mwenzake wa serikali aliendelea kulipwa. Yeye, ada zilipokoma, na mshahara ulikoma. Wengi wakaingia kwenye kilimo, uchuuzi na vibarua, na shule zilipofunguliwa si wote waliorudi darasani.

Atasema mtu: hao walioacha chaki wakainuka kibiashara si ndio ushahidi kwamba shida hukomaza? Ni ushahidi nusu, kwa sababu tunawahesabu waliobaki wamesimama. Wasichana waliopata mimba shule zikiwa zimefungwa, wasirudi tena, hawaalikwi kusimulia siri ya mafanikio. Hata kule Banda, safu ya vibanda huzidi kuwa hodari kwa sehemu kwa sababu baadhi ya vibanda hufa na majirani wakajifunza. Aliyefilisika ndiye amelipa ada ya somo hilo. Ndiyo maana vikundi vya kuweka na kukopa vina kazi nzito kuliko vinavyosifiwa: hulikata pigo la mtu mmoja vipande, likawa la watu thelathini.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba nchi haijengwi kwa kuhamisha sigiri. Inahitaji mpango na utulivu. Ni kweli, na asiyekubali ajaribu kuendesha wodi ya upasuaji bila umeme. Ila mpango nao waweza kuficha udhaifu. Barabara ya Jinja inayopita chini ya kilima cha Kyambogo yaelekea kwenye mfano wenyewe. Kituo cha umeme cha Nalubaale, kilichofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, baadaye kilijengewa mwenzake, Kiira, palepale kando yake. Vikawa viwili kwa hesabu, lakini vyote vikategemea kina cha Ziwa Victoria. Maji yaliposhuka mwaka 2005 na 2006, vilipungukiwa pamoja, na Kampala ikaishi kwa mgawo, jenereta zikinguruma madukani. Baada ya hapo ikajengwa Bujagali (megawati 250, mwaka 2012), Isimba (183, mwaka 2019) na Karuma (600, iliyozinduliwa mwaka 2024). Umeme umeongezeka, na kubeza hilo ni ukaidi. Hata hivyo, vyote hivyo viko kwenye Nile ileile inayotoka kwenye ziwa lilelile, wakati vituo vya jua vya Soroti na Tororo vilijengwa kwa megawati 10 kila kimoja.