Treni ya Kuzunguka Mti wa Krismasi

Mti wa Krismasi katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ni tawi la paini au saipresi lililosimikwa kwenye ndoo ya lita 20 iliyojazwa udongo au kokoto. Treni ya kuchezea inayozunguka ndoo hiyo imepangiwa mahali pabaya: sindano kavu na utomvu hudondokea relini, nyuzi za zulia hujisokota kwenye ekseli, na Desemba mvua za nyanda za juu zimekwisha kuanza, kwa hiyo chuma chembamba hupata kutu upesi.

Uimara hukaguliwa kwa kupindua kichwa cha treni, si kwa kutazama rangi yake. Ekseli ziwe za chuma, na kifuniko cha chini kifungwe kwa skrubu. Kilichogandishwa kwa gundi hakifunguki. Uzi mmoja ukishanaswa kwenye gia, mota huunguruma, magurudumu yamesimama, na treni imekwisha. Kichwa kizito kidogo ni bora, maana chepesi huruka kwenye maungio ya reli.

Ukubwa nao una neno. Treni za kipimo cha HO hupita kwenye njia yenye upana wa milimita 16.5 kati ya reli, na sindano moja ya paini yatosha kuziangusha. Za kipimo cha G, zilizoanzishwa na kampuni ya LGB ya Ujerumani mwaka 1968 kwa ajili ya bustani, hutumia njia ya milimita 45 na huvumilia uchafu na unyevu, ila duara lake dogo la kawaida lina kipenyo cha sentimita 120 hivi: sebule ndogo italazimika kuhamisha makochi. (Reli ya Tazara, inayopita Mbeya, ina upana wa milimita 1,067. Mtoto wa Mbeya huenda akadai vipimo. Wa Iringa mjini, kusikofika reli, hana ugomvi.)

Seti zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani mara nyingi huja na transfoma ya volti 120. Ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 bila kifaa cha kushusha, huungua papo hapo. Treni ya betri haina shida hiyo, na umeme ukikatika huendelea kuzunguka gizani.

Sikukuu zikiisha, utomvu hufutwa relini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na betri hutolewa kabla treni haijarudi kwenye boksi, kwani zikivuja, majimaji yake hula vibati vya kupitishia umeme.