Mkokoteni wa mbao hufia kwenye ekseli

Ruziba iko kando ya barabara ya RN3, inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge hadi mpaka wa Mugina. Ng'ambo yake ni Manyovu, mkoani Kigoma. Malori hupita hapo, lakini safari ya mzigo haiishii barabarani. Madumu ya mawese na magunia ya ndagala lazima yafike sokoni au stoo, na petroli inapoadimika, kama ilivyotokea mara nyingi Burundi miaka hii, mkokoteni ndio unaomalizia kazi. Ukivunjika njiani, hasara ni ya mwenye mzigo. Mawese yaliyomwagika hayazoleki.

Wengi wakitengenezesha mkokoteni hutazama mbao kwanza. Mikaratusi ni migumu na hupatikana kwa urahisi, ila ikitumiwa mbichi hujipinda na kupasuka inapokauka. Bora mbao zikaushwe kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Misumari peke yake haitoshi, kwani mtikisiko huilegeza. Bolti zenye washa pana hushika vizuri, na zikilegea hukazwa tena.

Hata hivyo, kinachoamua ni ekseli. Iliyotolewa kwenye gari kuukuu, pamoja na habu na beringi zake, hufaa kama haijapinda. Ifungwe nyuma kidogo ya katikati ya sanduku, ili mzigo uegemee mbele. Uzito ukihamia nyuma, mikono ya mkokoteni humnyanyua mvutaji, na kwenye mteremko hawezi tena kuuzuia.

Goma wana jibu lao: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi chakavu. Hubeba mamia ya kilo, na mji umeijengea sanamu. Lakini raha ya chukudu ni mteremko. Kwenye tambarare ya kando ya ziwa, kama Ruziba, ni kusukuma tu, na magurudumu mawili ya mkokoteni yaliyo sambamba humpunguzia mtu jasho.

Kwa anayevuka mpaka, mzigo mdogo una nafuu yake. Bidhaa zilizomo kwenye orodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupitia utaratibu rahisi wa forodha na cheti rahisi cha uasili.

Matunzo hayana gharama kubwa. Oili chafu ya injini huzuia mchwa, lakini ipakwe chini ya sanduku tu. Ikigusa sakafu, gunia la ndagala litanuka na mnunuzi atalikataa. Sakafu itobolewe matundu madogo ya kutolea maji, na usiku mkokoteni uegeshwe juu ya matofali. Grisi iongezwe kila wiki, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua. Kisha gurudumu linyanyuliwe na kutikiswa kwa mikono miwili: likicheza au likisaga, beringi ibadilishwe kabla ya siku ya soko.