Samaki wa Kurushiwa Si Mawindo

Swali ni lile lile, na wiki hii limenifikia tena: “Nikienda Naivasha kumpiga picha furukombe akivua, ninunue samaki wangapi?” Usinunue hata mmoja.

Najua linakotoka. Watu wameziona picha zenyewe: kichwa cheupe, mbawa zimetandazwa, kucha zimetangulia, maji yametulia. Wakauliza zinapatikanaje, wakaambiwa. Mwendesha boti hubeba samaki wafu, humchomeka mmoja kipande cha bua la funjo mdomoni ili asizame, hupiga mluzi, kisha hurusha. Ndege aliye juu ya mgunga ameshauzoea mluzi huo kama kuku anavyomzoea mwenye mtama. Hushuka, kamera zikalia, na kila aliyemo botini akarudi na picha moja.

Nikikataa, hujibiwa: “Lakini ndege ni wa porini, na samaki angemla tu.” Hoja hii imenichosha. Ndege ni wa porini, sawa. Ulichopiga, hata hivyo, ni mlo aliopelekewa. Furukombe anayewinda hukaa tawini sehemu kubwa ya siku akiyasoma maji. Samaki anayemtaka yu hai, yuko karibu na uso wa maji, na anaweza kumponyoka. Kwa hiyo ndege huendelea kurekebisha njia yake mpaka anapogusa maji, na chini ya vidole ana vijimiba vya kushikia kiumbe anayeteleza na kufurukuta. Mara nyingi hukosa. Akimnasa mzito asiyeweza kuruka naye, humburuta juu ya maji, na pengine hujipigia makasia kwa mbawa hadi ufukoni, amelowa chepechepe. Hiyo ndiyo picha! Chambo hakiwezi kukupa hata robo yake, kwa sababu mfu hakwepi. Zitazame vizuri picha za kurushiwa: tumbo la samaki liko juu, mwili umekakamaa kama ubao, na mara nyingine bua linachungulia mdomoni. Halafu chini yake mtu ameandika “uwindaji”. Huo ni uongo, na mwenye jicho huutambua kabla hajamaliza kusoma.

Mashindano makubwa nayo hayalichukulii jambo hili kimzaha. Mshindi wa Wildlife Photographer of the Year wa 2009, aliyekuwa na picha ya mbwamwitu akiruka lango usiku, alivuliwa ushindi mwaka uliofuata baada ya waamuzi kuona kwamba huenda mnyama alikuwa wa kufugwa. Mwenyewe alikana, lakini ushindi haukurudi.

Ndege pia ana hasara yake. Kila jozi ya furukombe hulinda eneo lake. Ukirusha samaki mpakani unazigombanisha jozi mbili kwa ajili ya picha yako. Na ndege aliyezoea kukimbilia boti hawezi kujua ipi imebeba chambo na ipi imebeba ndoana.

Sasa njia halali, haraka. Uwe majini mapema asubuhi. Chagua jozi moja ukae nayo, acha kuzunguka ziwa zima. Jua liwe mgongoni mwako, na upepo pia, maana ndege mkubwa huruka na kutua akiukabili upepo, hivyo atakuelekea. Lenzi ya milimita 400 hadi 600. Kasi ya shata 1/2500 au zaidi. Fokasi ya kufuatilia. ISO iache ipande. Punguza mwangaza kama theluthi mbili ya stopu, la sivyo kichwa cheupe kitaungua. Usimbane ndani ya fremu, mbawa zinahitaji nafasi. Akiinama mbele, akakaza macho mahali pamoja, akanya, kidole kiwe tayari. Kiota kipitieni mbali. Mwendesha boti akisema kuna kiboko, ondokeni papo hapo, hata kama furukombe ameshaanza kushuka.

Utakaa saa nne, pengine upate fremu mbili, pengine usipate kitu. Rudi kesho.

Na kabla hamjang’oa nanga, zungumza na mwendesha boti. Mwambie leo hakuna kurusha samaki, na malipo yake ni yale yale. Wengi wao hurusha kwa sababu sisi abiria ndio tunaoagiza.