Anayependa na anayefungia: wanaume wenye wivu katika riwaya za vampaya

Basi la usiku lilisimama Namanga, abiria wakashuka kugongewa mihuri. Jirani yangu alipanga foleni huku macho yakiwa kwenye simu. Ni mama wa vitenge, huvuka mpaka huo karibu kila mwezi, na usiku ule alikuwa amezama katika riwaya ya vampaya.

“Kijana ameharibu gari la mpenzi wake ili asiende kumwona rafiki,” aliniambia. “Eti ndiyo kumpenda.” Akanyamaza kidogo. “Wangu alificha pasipoti. Kesho nasafiri, mzigo umeshalipiwa.”

Kitabu chenyewe ni Eclipse, cha tatu katika mfululizo wa Twilight wa Mmarekani Stephenie Meyer, kilichotoka mwaka 2007. Mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 100. Edward ana sura ya mvulana wa shule lakini umri wake umepita karne. Katika kitabu cha kwanza huingia chumbani mwa Bella usiku, bila msichana kujua, akamtazama amelala. Katika hiki cha tatu analemaza gari la Bella asimfuate Jacob, anayegeuka mbwa mwitu. Kisha anamnunulia dada yake Porsche ya manjano kama malipo ya kumzuia Bella nyumbani.

Tumtendee haki: baadaye anajirudi, akawa anampeleka Bella mwenyewe hadi kwenye mpaka wa eneo la akina Jacob na kumwacha avuke.

Mbona basi mamilioni ya wanawake wanampenda? Nadhani ni kwa sababu hatari katika hadithi hizi ni ya kweli. Kuna vampaya mwingine anayemwinda Bella amuue. Mwandishi akishaweka adui nje ya dirisha, askari wa gereza anaonekana mlinzi. Nyumbani kwetu adui huyo mara nyingi hayupo, lakini mlango unafungwa vilevile.

Waandishi wengine wameliona hilo. Charlaine Harris, katika Dead Until Dark ya mwaka 2001, anamfanya vampaya Bill atangaze kwamba Sookie ni wake, ili vampaya wenzake wasimguse. Sookie anaukubali ulinzi huo, ila haachi kazi yake ya kuhudumia wateja baa.

Mimi ninayempenda zaidi ni Mercy Thompson wa Patricia Briggs, aliyeanza na Moon Called mwaka 2006. Mercy hugeuka koyote, mnyama mdogo anayefanana na mbweha. Kwa nguvu, hawezi kushindana na Adam, jirani yake, kiongozi wa kundi la mbwa mwitu. Adam anawatangazia watu wake kwamba Mercy ni mwenzi wake, bila hata kumuuliza. Ni wivu uleule, na kisingizio kilekile cha ulinzi.

Lakini Mercy ni fundi wa magari. Ana gereji aliyoinunua kwa mzee aliyekuwa mwajiri wake, na wateja wanaomtegemea. Kwenye uwanja wake ameweka Volkswagen mbovu mahali ambapo Adam, mtu wa kupenda unadhifu, lazima aione kutoka kwake. Adam akimuudhi, Mercy hung'oa gurudumu ili gari lizidi kuchukiza. Edward anaharibu gari ili mwanamke asitoke. Mercy anaharibu gari ili mwanamume ajue alipokosea. Na yule ambaye angethubutu kulemaza injini ya Mercy, angemkuta ameshafungua boneti na spana mkononi.

Kwangu nguvu ya shujaa wa kike iko hapo, kuliko kwenye ngumi na visu ambavyo majalada ya riwaya hizi hupenda kuonyesha. Mercy anaogopa, anaumizwa, wakati mwingine anaokolewa na huyohuyo Adam. Lakini asubuhi anafungua gereji.

Nilimsimulia mama wa vitenge haya yote tulipokuwa tunarudi kwenye basi. Pasipoti, aliniambia, aliipata ndani ya gunia la mchele, na tangu siku hiyo inalala kwa dada yake. Mume bado yupo. Siku hizi humsindikiza stendi.

Akafikiri kidogo, akauliza swali moja tu kuhusu Mercy.

“Na hiyo gereji, imeandikwa jina la nani?”

“Lake.”

“Nitumie hicho kitabu.”