Mkanda Ukichanika, Nani Alipe?

Saa ya kawaida ikikatika mkanda, unampelekea fundi, anakupachikia mwingine, unaendelea na safari zako. Microsoft ilipoleta saa janja yake ya Band 2 mwishoni mwa 2015, kwa dola 249 huko Marekani, fundi huyo hakuwa na la kufanya. Mkanda ulikuwa sehemu ya mashine yenyewe: baadhi ya vihisio vilikaa kwenye kifungo, na nyaya zilipita ndani ya raba. Haukubanduka.

Malalamiko hayakukawia. Raba ilifanya ufa karibu na kioo, pale inapopindwa kila mtu anapovaa na kuvua, na ufa ukawa mpasuko. Kioo kinawaka, mapigo ya moyo yanasomeka, ila saa haivaliki tena. Wenye waranti walibadilishiwa, wakapewa ya muundo uleule, na wapo ambao hata hiyo ya pili ilichanika vilevile.

Watengenezaji hupenda kuyaita haya uchakavu wa kawaida. Sikubali. Kitu kikichanika mahali pamoja kwa watu wasiojuana, kosa ni la aliyekibuni, na kumpa mteja kingine cha aina hiyohiyo ni kumwongezea muda wa kusubiri tu. Fitbit ilipoona mwaka 2014 kwamba saa yake ya Force inawatoa watu vipele mkononi, iliiondoa sokoni na kurudisha fedha. Ngozi ilipoumia, hatua zilichukuliwa. Mfuko nao unaumia.

Band 2 iliacha kuuzwa 2016. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga huduma zake na kuahidi kurudisha dola 175, kwa sharti kwamba saa iwe bado na waranti, au mwenyewe awe ameivaa na kutuma taarifa zake kati ya Desemba 2018 na Machi 2019. Ambaye mkanda ulimchanikia 2017, waranti ikiwa imekwisha, aliambulia patupu, naye ndiye aliyeumizwa zaidi.

Kwa msomaji wa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza kama mkanda unabadilishika. Tunza risiti. Ufa wa kwanza ukitokea, upige picha na uirudishe saa dukani siku hiyohiyo, usingoje waranti iishe.