Taa Nayo Sharti Iiname

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika safari zetu za kikazi huku mpakani, kati ya Tororo na Busia, tumejifunza kwamba methali hiyo haiwahusu wanadamu peke yao. Inazihusu hata taa.

Ilikuwa mwezi wa Februari, majuma machache kabla ya mvua za Machi. Tulikaribishwa chai nyumbani kwa askari mmoja, upande wa Uganda wa mji wa Busia. Nyumba za hapo zimebanana, uwanja hakuna, na kuku wa majirani hawakiachi chochote kinachochipua. Kwa sababu hiyo mama mwenye nyumba alikuwa ameotesha miche ya nyanya chumbani, katika sinia lililowekwa juu ya meza, chini ya taa ya LED iliyofungwa darini. Shabaha yake ilikuwa kuihamishia miche hiyo katika shamba la kukodi mvua zitakapoanza, na mavuno yalipe karo ya watoto baadaye mwaka huo.

"Afande," alituambia, "taa hii yawaka tangu alfajiri hadi tunapolala. Mbona miche yangu inalala kama walevi?"

Kweli ilikuwa imelala. Mashina yalikuwa marefu, membamba na meupe kama nyuzi, na juu ya kila shina palikuwa na vijani viwili tu. Nusu ya pakiti ya mbegu ilikuwa imekwisha kwa namna hiyo, na fedha ya pakiti nyingine haikuwapo.

"Mama," tulimjibu, "mbegu zako ni nzima. Taa yako ndiyo iliyo mbali."

Hatukumcheka, maana sisi wenyewe tulikwisha kosea kwa upande wa pili. Mara yetu ya kwanza tuliishusha taa yenye nguvu hadi ikakaribia kuigusa miche, tukidhani kwamba mwanga ukizidi na neema huzidi. Baada ya siku chache majani ya juu yalijikunja, yakapauka, kisha yakakauka kingoni. Kumbe mmea, kama askari, huweza kuangushwa na njaa au na shibe.

Ndugu msomaji, sababu ya mambo haya waweza kuiona usiku wa leo kwa tochi yako ya lindo. Mulika ukuta kutoka hatua moja. Utaona duara dogo lenye mwanga mkali. Rudi nyuma hadi hatua mbili, na duara litatanuka hadi kuenea eneo mara nne ya lile la kwanza, ilhali betri ni zile zile. Mwanga ule ule umegawanywa mahali pakubwa zaidi, kwa hiyo kila sehemu imepata robo tu. Ukifika hatua tatu, kila sehemu hupata fungu moja katika tisa. Balbu ndogo hufuata kanuni iyo hiyo. Taa ndefu au pana haiifuati sawasawa inapokuwa karibu, lakini nayo hufifia kila unapoipandisha.

Sasa tutazame balbu ya yule mama. Ilikuwa kama meta mbili juu ya sinia. Lau angeishusha hadi sentimeta 20, ingekuwa karibu mara kumi, na mwanga juu ya majani ungeongezeka kiasi cha mara mia moja, bila ya kuongeza hata wati moja. Jicho la mwanadamu hutudanganya katika jambo hili. Chumba chenye mwanga wa kutosha kusomea gazeti ni giza kwa mche wa nyanya. Jua la adhuhuri kwetu hutoa mwanga wa luksi zipatazo 100,000, lakini balbu ya kawaida ya darini huleta makumi tu ya luksi mezani. Mche unaoteswa na giza hufanya kile ambacho ungefanya chini ya kichaka: hutumia akiba yake yote kurefuka ili kulitafuta jua, na shina hubaki bila nguvu.

Basi taa iwekwe urefu gani? Kwanza, kipimo kianzie kwenye vichwa vya miche, wala kisianzie kwenye udongo, kwa kuwa udongo haukui lakini mche hukua kila siku. Pili, mkono wako ni rula ya kutosha. Shibiri ni kama sentimeta 20 hivi, na dhiraa, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole, ni kama sentimeta 45.

Balbu ya wati 9 au 10 ikae nusu shibiri hadi shibiri moja juu ya miche, nayo itatosheleza eneo dogo tu. Sinia kubwa lahitaji balbu mbili au tatu. Mrija wa LED wa wati 18 au 20 ukae kiasi cha shibiri moja. Taa pana ya kuoteshea mimea, itumiayo wati 100 au zaidi, ianze dhiraa moja na nusu, kisha ishushwe kidogo kidogo hadi karibu na dhiraa moja, miche ikionyesha kuridhika. Hapa msomaji asidanganywe na maandishi ya boksi. Taa nyingine huandikwa wati 1,000 ilhali haitumii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Tafuta wati ambazo taa inazila hasa.

Mwenye simu ya kisasa aweza kuweka programu ya kupimia mwanga, akailaza simu usawa wa vichwa vya miche, kioo kikitazama juu. Miche ya nyanya na sukuma wiki hustawi penye luksi 10,000 hadi 15,000, kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Simu si chombo cha maabara, lakini yatosha kumwonya mtu aliye mbali sana na shabaha. Kisha weka mgongo wa kiganja mahali pale pale kwa dakika moja. Ukisikia joto la kukera, pandisha taa. Hata hivyo usitegemee mkono peke yake, kwani LED huweza kuunguza majani kwa ukali wa mwanga ilhali mkono hausikii joto kubwa.

Baada ya hapo, mche wenyewe utatoa ripoti. Ukirefuka na kupinda, shusha taa. Majani ya juu yakipauka au kujikunja, pandisha. Shina likiwa fupi, nene, na majani ya kijani yamekunjuka, usiguse kitu. Ukaguzi huu ufanywe kila asubuhi, kama ukaguzi wa silaha. Taa ifungwe kwa mnyororo mwembamba au kamba yenye mafundo, ili iwe rahisi kuipandisha miche inapokua.

Tena taa izimwe usiku. Nyanya hudhurika ikimulikwa saa 24 bila kupumzika, majani yake huwa manjano na kuzeeka mapema. Askari asiyelala hulegea lindoni, na mche nao ni vivyo hivyo.

Wengine watauliza kama gharama si kubwa. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 15 kwa siku hula yuniti 9 za umeme kwa siku 30. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, ingekula yuniti 45, na sehemu kubwa ya nguvu hizo ingepotea kuwa joto. Maendeleo haya yalitokana na wataalamu watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, waliobuni LED ya mwanga wa buluu, wakatunukiwa Nishani ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwaka 2015 wanaanga katika kituo cha kimataifa cha angani walikula letusi iliyooteshwa chini ya taa za LED. Sisi watu wa Tororo tumezoea kuona nyaya kubwa za umeme wa Jinja zikipita kwetu kuelekea Kenya. Yafaa tujue pia kuutumia kwa akili ule unaoingia vyumbani mwetu.

Lakini tuonye kwa dhati kuhusu hatari. Maji na umeme si marafiki. Usimwagilie taa ikiwa inawaka. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili matone yadondoke sakafuni badala ya kutiririka ndani. Katika nyumba za mabati, waya uliochubuka ukigusa ukuta waweza kuleta msiba kwa familia nzima. Hakuna nyanya yenye thamani ya roho ya mtoto.

Vile vile tuseme ukweli: mwenye uwanja wenye jua hana haja ya kununua taa. Jua la Tororo na Busia hukaa nasi kama saa 12 kila siku, mwaka mzima, wala halitozi yuniti. Taa ni ya yule asiye na uwanja, au anayetaka kuikinga miche yake ndani ya chandarua dhidi ya nzi weupe wanaoeneza ugonjwa wa kujikunja kwa majani. Hata huyo, taa humfaa kwa majuma manne au matano tu. Kisha miche izoeshwe nje: saa moja au mbili kivulini siku ya kwanza, ikiongezwa kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mche wa ndani ukitupwa juani ghafula huungua kama kurutu aliyepelekwa mstari wa mbele siku ya kwanza.

Yule mama alipanda nusu ya pakiti iliyobaki. Mumewe alifunga mrija wa wati 20 kwa kamba mbili, na mtoto wao wa darasa la tano akapewa kazi ya kupima shibiri kila asubuhi kabla ya kwenda shule, naye baba akipandisha taa kwa kipimo hicho. Tulipopita tena baada ya majuma matatu, miche ilikuwa imesimama wima, mashina yakiwa na nguvu, na mtoto akatuonyesha daftari alimoandika kila kipimo. Mvua ilikuwa imechelewa, kwa hiyo miche ilikuwa bado ndani. Lakini sasa walikuwa na kitu cha kuingojea mvua hiyo.